Kabla Hamjaenda Ghana: Khabari za Sista Comfort

Lujaina, mjukuu wa dada yangu, alikuja Ijumaa baada ya sala pamoja na wenzake wawili wa kazini. Wanapelekwa Ghana kwa kazi za bandari, na kila aliyesikia kawatia khofu. Wakakaa, wakatoa simu zao tayari kuandika, Lujaina akasema, "Bibi, tupe yale muhimu tu. Tutie nini kwenye begi?"

Nikawapa yale muhimu. Yalikwisha kabla kahawa haijapoa. Walipoondoka nikaona nimewapa nusu tu, na ile nusu nyengine ndiyo nnayotaka waende nayo. Basi nimekaa kuiandika, kwao na kwa kijana yeyote atakayekwenda upande ule wa Afrika. Mnivumilie, maana siwezi kuisema Ghana bila ya kumsema Sista Comfort.

Mie nilikuwa muuguzi wa chanjo za wasafiri. Kliniki yetu ilikuwa Al Khuwair, hapa Maskati, ghorofa ya chini ya jengo la maofisi, na wateja wetu wengi walikuwa watu wa wizarani waliokuja mbio saa ya mapumziko, gari wameziacha juu ya njia ya miguu. Nilipoanza nilikuwa msichana, cheti kipya, macho yote kwenye sindano. Comfort nilimkuta. Alikuwa Mghana, Mfante wa mji mdogo wa pwani unaoitwa Saltpond, mjane aliyemwacha binti yake kwa mama yake ili aje kutafuta riziki huku. Sauti yake ilikuwa ya chini na hakuwa na haraka na mtu. Siku ya kwanza aliniambia, "Usiitazame sindano, Zuwena. Sindano haina khofu. Mtazame mtu."

Kuuliza pia alinifunza yeye. Mie nilikuwa namuuliza mtu anakwenda nchi gani, akinijibu tu nafungua kabati la dawa. Comfort akanizuia. "Jina la nchi halikwambii kitu. Muulize atalala wapi." Anayelala kwenye hoteli yenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa si sawa na anayekwenda kulala kwa shemeji yake, kando ya mto, dirisha halina wavu. Swali hilo moja lilitumalizia nusu nzima ya kazi. Na nyinyi jiulizeni nyumba ya kulala kabla ya kujiuliza nguo.

Alikuja mzee mmoja wa Quriyat, mzaliwa wa Unguja kama wazee wangu, anakwenda Accra kutazama mbao. Chanjo alikubali. Vidonge vya malaria akavisukuma kwa kidole juu ya meza. "Homa hizo nimeumwa utotoni mpaka zimenizowea," akasema.

"Zilikuzowea, baba," Comfort akamjibu. "Sasa zimekusahau. Miaka yote hii uko Omani. Zitakuona mgeni."

Mzee akamtazama, akatutazama sote, akavitia vidonge mfukoni. Hilo lishikeni khasa nyinyi watoto wa watu wa Unguja. Ile kinga ya utotoni hupungua mtu akishahama, na nyinyi mliozaliwa Maskati hamkuwa nayo hata kidogo. Msiende Ghana mkijiona wenyeji kwa sababu bibi zenu walikuwa wakitwanga mihogo.

Mmeona Comfort alimjibu kwa Kiswahili. Hicho nilimfunza mimi. Kiarabu kilimshinda, koo lake lilikataa, lakini wateja wetu wengi walikuwa watu wetu, wa kusema Kiswahili majumbani, na yeye akaona njia ya mkato ni hiyo. Tulikuwa tukila pamoja chumba cha nyuma, mie namtajia: kijiko, chumvi, mlango, nna njaa. Alikosea sana mwanzo. Kuna siku alitaka kumwambia bwana mmoja mtu mzima akunje mkono wa kanzu, akamwambia, kwa adabu zote, "Vua kanzu, baba." Bwana yule alisimama, akachukua bakora yake, akatoka. Ilibidi nimfuate mpaka kwenye gari nimweleze, na aliporudi Comfort alikuwa kajificha nyuma ya friji ya chanjo, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Lakini mwaka baada ya mwaka kilimkaa. Alifika kukisema kwa lafudhi yetu sisi, nna na ntakuja na nshakula, mpaka wateja wa simu walikuwa wakiniita mimi kwa jina lake. Tukiwa wawili tulisema Kiswahili tu. Kilikuwa lugha yetu ya kazi, ya umbeya, na ya misiba. Baba yangu alipofariki, Comfort alikaa na mie jikoni kwetu akinikatia vitunguu, akaniambia maneno ambayo nduguzangu hawakuyajua kuyasema.

Narudi kwenye safari, Lujaina, maana nakujua ushaanza kuruka mistari.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe mapema, si chini ya siku kumi kabla ya kufika, na kadi yake ya manjano ikae pamoja na pasi, mkononi. Tulikuwa na mteja, mtu wa biashara, kaitia kadi kwenye sanduku kubwa. Accra wakaitaka kabla hajafika kwenye masanduku. Akapiga simu kliniki, sauti imempanda. Comfort akaomba apewe ofisa wa uwanja wa ndege aliyemzuia, akasema naye kwa lugha yao kwa utaratibu, akauliza khabari za nyumbani kwao kwanza, kisha za mama yake, kisha ndio za kadi. Wakamsindikiza bwana yule mpaka kwenye sanduku lake, akaitoa. Nilimuuliza Comfort amemwambia nini ofisa. "Nimemsalimia," akasema. "Mteja wetu alianza na kugomba." Ghana salamu ndiyo mlango. Usimuulize mtu njia, wala bei, wala choo, kabla hujamsalimia. Na toa kitu kwa mkono wa kulia, pokea kwa wa kulia. Hilo kwetu si geni.

Vidonge vina namna zake, daktari atakuchagulieni. Vipo vinavyoanzwa siku moja au mbili kabla, vipo vinavyoanzwa wiki kadhaa kabla. Kama ni doksi, yaani doxycycline, mezeni na chakula na maji mengi, na usilale hapo hapo, kitakuchoma kifua. Na ukiwa unakimeza jua litakuunguza upesi kuliko ulivyozowea, hata wewe uliyekulia Maskati. Mbu wa malaria hutoka jua likizama, basi jioni mikono mirefu, dawa ya kupaka, na chandarua kichomekwe chini ya godoro, kisiachwe kinaning'inia kama pazia. Maji mnywe ya chupa iliyofungwa, au yale ya vifuko wanayouza kila pahala. Unang'ata pembe unafyonza, na kwanza unafuta ule mfuko. Chakula cha moto msikikhofu. Kenkey ni kama ugali uliochachuka, mtaupenda siku ya tatu.

Yote hayo niliyasema kwa watu miaka na miaka, na sijawahi kufika. Comfort alipostaafu akarudi kwao Saltpond, kwa binti yake Esi, mwalimu wa skuli. Nilimsindikiza uwanja wa ndege. Hakulia. Alinishika uso kwa mikono miwili akasema, "Utakuja. Utalala kwangu." Nikamwambia ntakuja.

Nilitaka kwenda mwaka uliofuata. Mama yangu akaanguka, akabaki kitandani, na mie ndiye niliyekuwa wa kumgeuza na kumlisha. Tukawa tunapigiana simu. Baadaye simu za Comfort zikawa za ajabu. Ananiuliza khabari za baba yangu. Nikimwambia baba kafariki zamani, ananipa pole kama ndio kwanza anasikia, kisha baada ya kidogo ananiuliza tena. Mimi muuguzi, nilijua nnachokisikia. Halafu akawa hapokei. Nilipompata Esi, alinijibu kwa Kiingereza, kwa ufupi, kwamba mama hayuko vizuri, hazungumzi sawasawa.

Mama yangu alipokufa, nilimaliza msiba, nikachoma chanjo yangu mwenyewe, nikaanza vidonge vyangu, nikaenda.

Nilishuka Accra kwenye joto la mvuke, si kama letu la kukausha midomo. Nikapanda gari asubuhi, msisafiri njia zile jua likishatua, nikafika Saltpond mchana. Esi alinipokea kibarazani. Mwanamke wa makamo, mrefu kama mama yake. Akanikalisha, akaniletea maji, kwani kwao mgeni hasemeshwi jambo mpaka anywe kwanza. Nilipokwisha kunywa akaniuliza khabari za njia, kisha akasema, kwa Kiingereza:

"Nikwambie mapema. Hatakujua. Hata mimi siku nyengine hanijui. Na maneno yake yameharibika."

"Yameharibika vipi?"

"Anasema kitu ambacho si Kifante wala Kiingereza. Mchungaji wetu alisema ni lugha ya mbinguni. Wengine hapa mtaani walisema mabaya zaidi. Nikadhani labda ni Kiarabu cha huko kwenu, nikamwita imamu wa mtaa wa Waislamu. Akamsikiliza, akasema neno mojamoja linafanana, lakini Kiarabu si hiki. Daktari akasema ni ubongo unachoka, tusitafute maana."

Moyo wangu ulijua kabla yangu. Nikasimama, nikaomba nimwone.

Comfort alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha lililofungwa. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe, kanga ya kwetu imemfunika miguu. Alinitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu usiyemjua. Kisha akasema, polepole, bila kutaraji jawabu, kama mtu anayejisemea:

"Nna kiu."

Nilikuwa nimebaki na gilasi mkononi. Nikaijaza maji ya jagi lililokuwa mezani, nikampa. "Haya maji, Sista."

Akanywa yote. Akapumua. Akasema, "Na hili dirisha lifunguliwe. Joto."

Nikalifungua. Nilipogeuka Esi alikuwa mlangoni kashika sinia.

"Kakwambia nini?"

"Kasema ana kiu. Kisha kasema kuna joto, dirisha lifunguliwe."

Esi aliliweka sinia chini, akakaa sakafuni kando ya kiti cha mama yake. "Anasema hivyo kila siku," akasema. "Tangu mvua za mwaka jana. Maneno hayo hayo. Maji tulimpa kwa chakula na kwa dawa, lakini si pale anapoomba. Akiyasema tulikuwa tunamuombea."

Nilikwenda nikakaa karibu naye, chini, sisi wawili, na Comfort juu yetu akipata upepo.

Nilikaa kwao siku nyingi kuliko nilivyopanga. Comfort hakunijua hata siku moja. Alinidhani msafiri. Kila asubuhi alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza, "Umechanjwa homa ya manjano?"

"Nimechanjwa."

"Vidonge unameza?"

"Nnameza, Sista."

"Utalala wapi?"

"Kwako."

Akatikisa kichwa, karidhika. "Kwangu kuna chandarua," akasema.

Siku nyengine aliuliza, "Zuwena yuko wapi?" Mara ya kwanza nilimjibu kwamba ni mimi. Alinitazama kwa huruma. "Wewe mtu mzima," akasema. "Zuwena msichana." Akaanza kuhangaika, anataka kunyanyuka amtafute, na mimi na Esi tukamshika. Baada ya hapo nilimwambia Zuwena kaenda kutoa chanjo kwenye friji, anarudi. Alitulia. Alinisubiri hivyo, na mie nimekaa mbele yake.

Mchana mmoja, yeye kalala, Esi aliniambia jambo ambalo naona alilibeba tangu nilipoingia. Tulikuwa tukipepeta mchele.

"Nyinyi mlikuwa naye," akasema. "Mimi nilikuwa mtoto alipoondoka. Nilikuwa napata masanduku. Viatu, mafuta ya nywele, vitambaa. Anakuja likizo, nikianza kumzowea anaondoka. Nikasema basi, akistaafu. Sasa karudi, na karudi na lugha yako."

Alisema bila kupaza sauti. Nilifikiri nimwambie jinsi mama yake alivyokuwa akimtaja, picha yake ilivyokuwa ndani ya mlango wa kabati la kazini, akiibadilisha kila mwaka kadiri mtoto anavyokua. Nikamwambia. Alisikiliza, akaendelea kupepeta. Nilijua haitoshi.

Jioni ile akaja na kiti akakaa karibu nami. "Nifunze," akasema. "Yale anayoyasema."

Tukaanza na maji. Kisha joto, baridi, naumwa, nataka kulala, niache, nipe mkono. Alikuwa mwalimu, alijua kujifunza. Alirudia neno mpaka likakaa mahala pake. Kila akirudi skuli tulikaa, Comfort kati yetu, na mara nyengine yeye mwenyewe akimsahihisha mwanawe bila kujua ni nani, kama nilivyokuwa nikimsahihisha yeye na vijiko na chumvi.

Siku Esi alipojaribu peke yake nilikuwa nimesimama nje ya mlango. "Mama," akasema, "unataka maji?"

Comfort akamgeukia. "Sitaki," akasema. "Nshakunywa."

Esi akatoka mbio kibarazani, kaziba mdomo kwa mkono, machozi yanamtoka na anacheka. "Kanikatalia," akaniambia. "Umesikia? Kanikatalia."

Niliondoka wiki ile. Comfort alinipa mkono, akanitakia safari njema, akanikumbusha nisiache vidonge baada ya kurudi. Hata wakati ule alisema kweli. Hilo ndilo wasafiri wengi hulisahau: mtu akifika nyumbani hujiona kapona na safari. Vipo vidonge vya kuendelea wiki nzima baada ya kurudi, vipo vya wiki nne. Vimalizeni. Na homa yoyote ikikushikeni baadaye, hata kama miezi imepita, jambo la kwanza kumwambia daktari wa hapa ni kwamba mlikuwa Ghana, hata kama yeye hakuuliza.

Na mkifika kule, jifunzeni maneno yao. Si ya kuombea bei sokoni tu. Jifunzeni ya mtu mgonjwa: kiu, joto, maumivu. Na wenzenu mtakaokaa nao nyumba moja, wafunzeni maneno ya kwenu pia. Comfort aliishi miaka mingi ugenini, akazeeka na lugha isiyokuwa yake, na hakuna aliyefikiri kuwaambia watu wake. Wazazi wenu wengine wamekaa kwenye lugha mbili tatu. Waulizeni wakati wanaweza kujibu.

Esi alikuwa akinipigia simu. Mwanzo aliuliza maneno, baadaye tukawa tunazungumza tu, khabari za skuli yake, za mvua, za magoti yangu. Siku alipopiga mara ya mwisho kuhusu mama yake nilikuwa Sidab, hapa pwani ya Maskati, nimesimama nasubiri samaki wangu akatwe. Aliniambia Comfort kafariki jana yake alasiri, kwenye kile kiti, bila shida. Yeye alikuwa amemshika mkono.

Nilimpa pole. Nikasogea pembeni na watu.

"Alisema kitu," Esi akasema. "Kabla. Si katika yale uliyonifunza. Nimelishika kwa masikio tu, nimelirudia usiku kucha lisinipotee." Akalitamka, polepole, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba kitu kilichojaa mpaka juu. "Nguo zimekauka?" Kisha akauliza, "Ni dua? Alikuwa ananiaga?"

Ningeweza kumtungia. Nilikuwa na maneno mazuri tayari mdomoni, na pale Saltpond hakuna mtu ambaye angejua. Lakini nilimkumbuka akirudia lile neno maji mpaka likae sawa.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Alikuwa anauliza kama nguo zimekauka. Zile za kwenye kamba."

Nyuma yangu mkata samaki aliniita, sikumjibu.

"Zilikuwa zimekauka," Esi akasema. "Nilikuwa nimeshazianua."